Saa ya Marehemu Mkwe Wangu

Mimi ni mgonjwa wa saa kuukuu, na mke wangu amekwisha kata tamaa ya kuniponya. Nikikutana na mtu aliyevaa saa ya zamani, ile ya kutiwa ufunguo, salamu hunitoka nusunusu na macho hushuka mkononi mwake. Hata siku niliyokwenda kuposa Mambrui, wazee wangu wakizungumza habari za mahari, mimi nilikuwa nimeukodolea macho mkono wa baba mkwe. Alikuwa na saa ya rangi ya dhahabu, ndogo, nyembamba, ya mtindo ambao viwanda viliuacha zamani. Nashukuru binti nilipewa, maana sikusikia hata neno moja la mazungumzo yale.

Kwa hiyo mzee alipofariki, eda ya mama mkwe ikaisha na mirathi ikawadia kugawanywa, hakuna aliyeshangaa mimi kupewa kazi ya kuitia saa ile thamani. Saa haikatwi vipande kama kitambaa. Hupangiwa bei, mtu mmoja akainunua, na kilichopatikana kikaingia kwenye mgao. Nilisema mapema, mbele ya wote, kwamba nami naitaka. Nilijua watu wangeninong'ona tu, basi bora waninong'one kwa jambo nililolitamka mwenyewe.

Saa ile ilikuwa na kisa chake. Marehemu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni pale Malindi. Alisema tajiri wake, Mzungu, siku ya kurudi kwao aliivua mkononi akampa, kwa ajili ya pweza wake wa nazi. Kisa hiki kilisimuliwa kila harusi, na kila kiliposimuliwa mama mkwe alikisikiliza kana kwamba ndiyo kwanza anakisikia. Aliyekuwa hakiamini ni shemeji yangu, mwana wao mkubwa.

"Mzungu gani avue saa ya dhahabu ampe mpishi?" alisema siku ile ya mgao. "Baba aliuziwa kitu bandia sokoni, akaona haya kusema."

Alisema hivyo na mama yake yuko palepale. Mimi hukasirika upesi, nikataka kumjibu, lakini mama mkwe aliniwahi. Aliifunga saa katika pindo la leso kuukuu, akalikata pindo lile kwa mkasi, akanipa kifurushi.

"Nenda kaitazame, mwanangu. Lolote utakaloliona, uje uniambie mimi kwanza. Mimi, si wao."

Hapo tamaa yangu ilitulia yote, ikabaki hofu. Kumwambia mtu saa yake ni feki nimezoea. Kumwambia mjane kwamba mumewe alimdanganya tangu ujana wao, hilo sikuwa nimelizoea hata kidogo.

Nyumbani niliitazama kwanza mwenyewe. Uzito ulikuwa mzuri. Mlio ulikuwa sawa, haukwami. Uso wake ndio ulionitia shaka, kwa sababu maandishi yalikuwa manene na kingo zimetambaa, ishara ya kwamba ulipakwa rangi upya. Hilo peke yake si kosa. Huku kwetu chumvi hula uso wa saa kama ilavyo mabati, na mwenye saa hana budi kuupaka. Lakini nimewahi kununua saa yenye uso wa kupendeza, nikaifungua nikakuta takataka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa saa hukaa nyuma ya mfuniko.

Nikaipeleka kwa fundi wangu wa Malindi, mtu hodari na mwenye majivuno yanayolingana na uhodari wake. Alibana kioo jichoni, akafungua mfuniko, akalinganisha alama za mashine na zile za kasha.

"Orijino," akasema. "Kasha lake, mashine yake."

Nikavuta pumzi. Kisha akaguna, nami huichukia sana miguno ya mafundi.

"Ngoja. Tazama hapa. Magurudumu ya mwendo yana meno mazima. Haya ya kutilia majira, ya kuzungushia akrabu, hii mishale ya usoni, yamelika mpaka yamekuwa butu. Mtu huitia saa yake majira mara ngapi? Mara mojamoja tu. Haya hayakuzaliwa pamoja, bwana. Hii ni saa ya kuungaunga. Mtu kachukua vyuma vya maiti tofauti, kapaka uso rangi, kauza."

Akanipa hesabu bila kuulizwa. Kuisafisha na kuitia mafuta, bei ya mbuzi dume. Spea za yale meno, za kuagizwa ng'ambo, hizo ni bei ya ng'ombe. Nilimkasirikia, kisha nikamkasirikia marehemu. Kwa nini hakusema tu kwamba aliinunua? Pweza wa nini?

Njia nzima ya Mambrui nilikuwa nikitunga uongo na kuubomoa. Nilimkuta mama mkwe uani, anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sema."

Uongo wote ukanikimbia. "Fundi asema mashine ni yake," nilianza. "Ila vyuma vya kutilia majira vimelika kupita kiasi, ndipo aonapo kwamba..."

Sikufika mwisho. Mama mkwe aliweka ungo chini akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Vitakosaje kulika? Yule marehemu hakuwa mtu wa saa za kizungu. Kila siku, adhana ya magharibi ikilia, aliirudisha saa yake kwenye kumi na mbili. Jua limetua, siku imekwisha, saa yaanza upya. Na jua nalo halitui wakati mmoja mwaka mzima, basi kila siku ni kuizungusha, leo mbele kidogo, kesho nyuma. Hata akiwa na homa. Weye hukuona saa yake haiafikiani na ya mtu?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani imeharibika.

Nilimpigia fundi simu palepale. Nikamweleza habari ya magharibi.

"Kila siku?"

"Kila siku, maisha yake yote."

"Basi si ya kuungaunga. Meno hayo ni yake, na kuyala kayala mwenyewe. Loo, wazee hawa!"

Niliketi kwenye jamvi. Nilifurahi kama mtu aliyetafuta funguo za nyumba kutwa akazikuta mfukoni. Kama Mzungu alimpa kwa ajili ya pweza, fundi hawezi kuliona hilo ndani ya mashine. Lakini mzee hakuwa amevaa kitu bandia, na mimi sikuwa na neno baya la kumwambia mkewe. Nilikunywa chai yake na mahamri mpaka nikaona haya. Shemeji alipoelezwa hakuomba radhi, alisema tu kwamba pweza wa baba kweli alikuwa mtamu.

Nikainunua saa kwa bei ya haki, nikalipa ile ya mbuzi. Ya ng'ombe nikaiacha. Fundi alinionya kwamba itakwenda vizuri, ila kuitia majira kutanisumbua.

Niliporudi Mambrui nikiwa nimeivaa, magharibi iliadhiniwa tumekaa barazani. Mama mkwe akautazama mkono wangu.

"Irudishe."

Nikavuta kile kitufe cha ubavuni, nikazungusha. Kikateleza. Nikazungusha tena, akrabu hazikusogea.

"Lete," akasema.

Aliikandamiza pembeni kwa ukucha wa dole gumba, akazungusha polepole, wala hakuitazama. Akrabu zikakutana juu, kwenye kumi na mbili.

"Umejuaje, mama?"

"Macho ya marehemu yalikwisha zamani, hata nyinyi hamjaja kuposa. Ulidhani nani alikuwa akimtilia majira?"

Akanirudishia saa, akaenda kutawadha.

Juzi fundi amenipigia simu. Amepata zile spea kwenye saa iliyokufa, na bei yake si ya ng'ombe tena, ni ya kuku. Nimemwambia akae nazo tu. Shemeji anasema mimi ni bahili, nami namwacha aseme. Nikiwa Mambrui, kabla ya adhana huivua saa yangu nikaiweka kiganjani mwa mama mkwe.