Bi Thoan na marehemu wa mtaa uliohama

Saa moja asubuhi, Bi Thoan anamimina upawa wa uji mwepesi wa mchele juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye mdomo wa sufuria inayochemka. Anafunika, anasubiri kidogo, anafunua. Kwa ubapa wa mwanzi ananyanyua utando laini, anaujaza nyama ya nguruwe na uyoga, anaukunja. Sahani ya kwanza haiuzwi. Anaiweka kando na kuifunika kawa.

"Leo zamu ya nani?" anauliza Lamai, muuza kahawa wa jirani.

"Mzee Vinh."

"Yule wa pilipili? Mpunguzie, asije akaumwa tumbo huko aliko."

Wanacheka wote wawili, kisha wateja wanaanza kuingia.

Bi Thoan ana miaka 68, na ndiye Mvietnamu wa mwisho katika mtaa wa Tan Hop, mjini Nakhon Phanom. Zamani nyumba zote za mbao hapa zilikuwa za Wavietnamu. Leo pana duka la simu, hoteli ndogo, na nyumba yake.

Kati ya mwaka 1960 na 1964, familia moja baada ya nyingine zilipanda treni hadi Bangkok, na kutoka hapo meli hadi Hai Phong, kurudi kwao. Kila familia ilikuwa na bakuli la kuchomea udi kwa ajili ya wazee wake waliokufa, na bakuli hilo halisogezwi ovyo. Ukilitikisa, umewasumbua waliolala. Hakuna aliyejua huko anakokwenda kama atapata hata paa. Basi familia kumi na moja zilichota majivu kidogo ya udi zikayafunga kwenye karatasi, na mabakuli yenyewe zikamwachia mama yake Thoan, zikisema zitayarudia.

Mama naye alikuwa kwenye orodha ya kusafiri. Meli zilikoma kabla jina lake halijafikiwa. Alipofariki mwaka 1987, alimwachia bintiye rafu ya mabakuli na kipande cha kadibodi chenye majina ishirini na sita na tarehe za vifo vyao. Kila tarehe ikifika, Bi Thoan huwasha udi na kuandaa sinia.

Biashara humwingizia kama baht 350 kwa siku. Siku ya sinia hupungua, naye halalamiki. Kuhusu ndoa, jibu lake ni fupi: "Nani angemchukua mwanamke mwenye wakwe wa nyumba kumi na moja?"

Mwaka huu manispaa imeamua kuigeuza nyumba yake kuwa nyumba ya kumbukumbu ya mtaa. Ofisa wao, Bwana Prawit, ni kijana mwenye adabu. Alimweleza kwamba paa litaezekwa upya, yeye ataendelea kuishi vyumba vya nyuma, na mabakuli yatawekwa kwenye kabati la kioo. Sharti ni moja tu: humo ndani moto, hata wa udi, hautawashwa tena. Alipewa hadi mwisho wa mwezi ajibu.

Picha ya mabakuli aliyoipiga Prawit ilienea mitandaoni, ikamleta mgeni. Jina lake Diep, mwalimu kutoka Hai Phong, mjukuu wa Mzee Khue, mmoja wa walioondoka na meli. Alikicheka kwanza Kivietnamu cha Bi Thoan, kwamba ni cha watu wa kale. Kisha akaisoma kadibodi, akauliza mbona babu yake kaandikiwa mwaka 1968.

Bi Thoan akamweleza. Miaka ya mabomu kule Hai Phong, barua za Mzee Khue zilikatika. Mama alisubiri miaka miwili, akakata tamaa, akaifanya tarehe ya barua ya mwisho kuwa siku ya kifo chake.

"Shangazi," Diep akasema, "babu kafa mwaka tisini na nane. Huyo mliyekuwa mnamlisha hapa alikuwa anakula kwetu mezani."

Kumwandalia aliye hai sinia la wafu ni kumtakia kifo, naye na mama yake walimwandalia karibu miaka thelathini. Bi Thoan alipiga magoti kuomba radhi. Diep akamwinua.

"Ndiyo maana hakuwahi kukonda," alisema, kisha naye machozi yakamtoka. Babu yake, alieleza, hakuwahi kuwawekea wazazi wake bakuli jipya kule Hai Phong. Watu walimsema kwamba hana shukrani. Yeye alijibu vilevile kila mwaka, kwamba wazazi wake wako kwa mama Thoan na wanakula.

Diep aliondoka na bakuli amelipakata, limefungwa kitambaa chekundu. Rafuni pakabaki duara lisilo na vumbi. Siku ya mama yake Khue ilipofika, Bi Thoan alijikuta ameshaweka sinia mbele ya pengo lile. Aliketi, akala mwenyewe.

Ndipo akampelekea Prawit jibu lake. Nyumba waichukue. Majina yote yaandikwe ukutani pamoja na vijiji vya asili, ili ndugu wayaone. Lakini mabakuli yakae yalipo na udi uwake, hadi wenyewe waje.

"Mama, kwenye kioo yatadumu miaka mia," Prawit alimbembeleza.

"Yatadumu. Lakini ndani yake hao watashinda na njaa."

Ofisi imempa mwaka mmoja wa kuwatafuta. Kwa msaada wa Diep, familia nyingine tatu zimeshapatikana kwa simu, na saba bado hazijulikani ziliko. Lamai, ambaye haogopi kuuliza, alimwambia kwamba mabakuli yakiisha rafuni atazeeka akiongea na sufuria.

Bi Thoan hakukataa. Anakiri kwamba tangu bakuli la Khue liondoke nyumba imekuwa kubwa, na jioni anazikwepa kwa kulala mapema.

"Nitalia kwa kila moja," anasema, akipangusa ubapa wake. "Ila naomba hilo la mwisho lifuatwe nikiwa bado na nguvu za kulibeba mwenyewe hadi mlangoni."