Shimo la Mafundo Matatu

Siku ya kuwazika wanangu Mwanaidi na Rajabu sikuweza kusimama. Watu walinishika kwapani, nikatupa udongo nikiwa nimechuchumaa, maana kuhara kulikuwa kumenimaliza na mimi. Sote watatu tulikula nyanya za shamba la mfano hapa Kwedizinga, tukazifuta kwa nguo tu. Siku chache nyuma Bwana Shamba Zakaria alizimwagia mbolea ya choo iliyoletwa na lori kutoka shamba la mkonge la Mnyuzi. Jumbe wetu Mndolwa akatuita tupige makofi.

Nilipopona nilisikia watu wakisema, mavi ya binadamu ni sumu, basi. Mimi nikataka kwenda kuona yanakotoka.

Alfajiri nikashika njia kwa miguu. Jua lilipokuwa kali lori la mahindi likanichukua, tukavuka Mto Pangani mpaka Korogwe. Nikalala stesheni, asubuhi nikapanda treni.

Mnyuzi nilishuka nimejiziba pua. Nikaachia. Hakuna uvundo! Nyuma ya kambi za manamba, vibarua wa mkonge, migomba imenenepa, mikungu imeegemezwa magongo isianguke. Mahindi yananipita kimo. Kwetu Handeni sijaona mahindi ya namna ile.

Mwenye kutunza mashimo ni Mzee Mihayo, Mnyamwezi, mikono kama magome.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mzigua."

"Ala, mtani! Mzigua kafuata mavi ya Mnyamwezi mpaka huku? Kwenu mmeishiwa?"

"Kwetu yapo, mzee. Ila nasikia ya kwenu yana kiburi."

Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono kunionyesha kazi yake. Tope la vyooni analichanganya na majivu na takataka za mkonge, analifukia shimoni. Kando anachomeka mti wenye kamba, na kila mwezi unapoandama anafunga fundo moja. Kabla ya mafundo kumi na mawili haligusi kwa jembe. Akafunua shimo lililotimia, nikachota kiganja, nikanusa. Udongo mtupu, mweusi, kama wa msituni baada ya mvua. Mtu asiyejua kusoma, na kazi safi namna ile!

"Hata hili," akasema, "ni la mahindi na migomba. Kitu cha kuliwa kibichi, hapana."

Ndipo nikamweleza habari za wanangu. Utani ukamwisha mdomoni. Akaingia chumbani, akatoka na kamba. Mafundo matatu.

"Shimo la kamba hii alilichimbua Zakaria. Nilimwambia bado bichi. Akasema mkubwa anakuja kukagua, shamba lazima liwe kijani. Nilipozuia njia akaniita mshenzi."

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Mtani akifiwa siendi matangani? Twende."

Kesho yake tukarudi pamoja. Barazani Mzee Mihayo aliinua kamba ile, akaeleza yote. Mndolwa akajibu kwamba vifo vile ni kazi ya Mungu, akavunja baraza.

Mimi sasa najua mbolea ile ni neema kwa mwenye subira, na msimu ujao nitachimba shimo langu. Lakini Mndolwa, Mungu usimsingizie. Na wewe Zakaria, uliyehamishiwa Mombo unakopanda maua ya wakubwa, uliambiwa bado. Njoo Kwedizinga, simama mbele yangu mimi mama yao, uniambie kwa nini hukungoja.