Siku Bwana Taibali Alipoondoka Amu

Nakumbuka asubuhi walipokuja wakubwa kutoka bara kumwambia Bwana Taibali kwamba kinu chake cha mafuta ya nazi sasa ni mali ya serikali. Mimi nilikuwa mwari, sijaolewa. Babangu, aliyekuwa karani wake, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo awe meneja. Mtaa ulishangilia, na sikuulaumu, mwanangu. Wapasua nazi walikuwa wamechoka kuamrishwa na nyumba moja miaka yote.

"Nti ni yetu sasa," baba alituambia, machozi yakimtoka kwa furaha.

Siku Bwana Taibali na mkewe, Bi Sakina, walipohama kwenda Mombasa, mama alifunga mikate ya njiani, akavaa buibui. Bi Sakina ndiye aliyemuuguza mama aliponizaa mimi. Baba akamzuia mlangoni.

"Ukiwasindikiza, watasema sisi tungali watu wao. Nitanyang'anywa kazi."

Mama akavua buibui, akakaa kitako. Mashua ikaondoka kwenda Mokowe, ng'ambo kwenye gari la Mombasa, pasi na mtu wa kuwaaga.

Baba alifanya kazi kwa uaminifu, Mungu ni shahidi. Lakini mitambo ilichakaa, vipuri havikuletwa, na wakubwa wenyewe wakabadilika. Wapya wakaja na mtu wao, wakamtaka baba ufunguo mbele ya wafanyakazi. Alasiri ile alivaa kanzu safi, akaketi barazani kungoja wenzake waje kumpa pole. Mama akapika kahawa. Ikapoa. Watu walipita ndia ya nyuma.

"Wanaogopa," mama akamwambia.

"Najua," akasema baba. "Mimi ndiye niliyewafunza."

Hakuketi tena barazani mpaka tukamzika. Kinu nacho kilifungwa, na leo mbuzi hulala humo.

Sasa wewe, mwanangu, umeniambia umepewa usimamizi kule Kililana, na mzee aliyekuwapo ameondolewa. Ichukue kazi, ni halali yako. Lakini kwanza nenda kwake, mchana, watu wakikuona. Mpe mkono, kaa naye, unywe chai yake. Ukiambiwa kwamba salamu hiyo itakuponza, nenda vivyo hivyo. Vyeo hutolewa na watu wasiotujua, nasi tunabaki papa hapa, tunazikana.

Mola akupe riziki ya halali, akupe moyo usioogopa kuaga mtu. Na siku zamu yako itakapokwisha, nyumba yako isikose wageni. Amin.