Fundi wa lifti aliyetishwa na sauti yake mwenyewe

Saa tatu asubuhi fundi amelala kifudifudi juu ya paa la lifti, tochi kaibana kwa meno, mkono umezama kwenye grisi hadi kiwiko. Chini yake ni shimo la ghorofa saba, giza tupu. Anapoulizwa kama haogopi, anaitoa tochi mdomoni na kucheka.

"Hapa? Hapa kwangu ni kama sebuleni. Kinachonitisha kiko mfukoni, kwenye simu."

Hatanii. Ndani ya simu hiyo mna riwaya fupi aliyoitunga mwenyewe, hadithi ya kisayansi ya kutisha. Sura kumi na moja zimekwisha na wasomaji wamezisoma. Imebaki moja ya mwisho, na kwa miezi minne hakuthubutu kuigusa.

Wapangaji wa jengo humwita Mama Lifti. Ana miaka arobaini na mitatu, mume seremala, watoto wawili na mgongo ambao, kwa maneno yake, "ulishastaafu zamani, mimi tu ndiye sijaambiwa."

Kazi yake nusu ni spana, nusu ni mdomo. Lifti ikikwama na mtu ndani, kabla ya kushika chombo chochote yeye hukamata kipaza sauti na kuzungumza naye.

"Mtu aliyekwama huwezi kumuuliza kama anaogopa. Ukimuuliza tu, umemkumbusha," anaeleza. "Mimi humuuliza asubuhi amekula nini. Akianza kunihadithia chai na mkate, ujue nimeshampata. Halafu namwambia yale yale siku zote: tulia, niko hapa, bado kidogo tu."

Hadithi yake ilizaliwa na maneno hayo. Inahusu fundi wa kike aliyefungiwa na mlango mbovu katika kituo kimoja mbali angani. Spika iliyo ukutani inamsemesha kwa upole. Sauti hiyo inaitwa Mlezi. Tulia, inamwambia, niko hapa, bado kidogo tu. Dada wa watu anangoja. Anangoja mpaka nywele zinaingia mvi, na Mlezi bado anasema kidogo tu.

Hakuna damu humo wala zimwi. Pole pole msomaji anang'amua kwamba hakuna anayekuja, na kwamba Mlezi ni mashine isiyojua lolote ila kubembeleza.

"Watu hudhani hofu ni kitu kinachokukimbiza," anasema. "Wapi! Hofu yenyewe ni siku unapoanza kumtilia shaka yule anayekutuliza."

Alikuwa akizituma sura hizo moja moja kwenye kundi la wasomaji simuni. Walianza watu kumi, ndugu na majirani, kisha likavimba hadi kupita mia tatu. Wifi yake, dada wa mumewe anayeishi nao, alikuwa wa kwanza kusoma na wa kwanza kulalamika.

"Huyu wifi yangu ana roho mbaya, mwandike hivyo hivyo gazetini," anasema akiangua kicheko. "Redio ya jirani ikikoroma tu, mimi niko uani pekupeku. Na bado namganda, wifi, lete nyingine!"

Kisha kitumbua kikaingia mchanga.

Adhuhuri moja umeme ulikatika, lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Ndani alikuwamo mtu mmoja, mhasibu wa ofisi iliyo ghorofa ya nane. Mama Lifti akashika kipaza sauti kama kawaida yake. Tulia, akasema. Niko hapa.

Kilichomjibu ni ukelele.

"Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile," anakumbuka. "Kadiri nilivyombembeleza ndivyo alivyozidi. Nikamuuliza asubuhi amekula nini. Mungu wangu! Nikasikia anajibamiza mlangoni."

Hakujua kwamba mhasibu alikuwa miongoni mwa wale mia tatu, na kwamba asubuhi ile ile alikuwa amesoma sura ya kumi na moja. Humo, baada ya miaka yote ile, Mlezi anamuuliza mfungwa wake amekula nini.

"Akapiga kelele, 'Nyamaza! Nakuomba nyamaza!' Hapo nikaelewa. Mwenzangu anamsikia Mlezi, na Mlezi ni mimi."

Kanuni ya kazi ni kwamba aliyekwama haachwi kimya hata kidogo. Mama Lifti aliivunja. Alikiweka kipaza sauti chini, akachukua spana, akapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tano na kugonga mlango wa lifti mara mbili. Akangoja. Akagonga tena. Kule juu, katika chumba cha mashine, fundi mwenzake alikuwa akizungusha gurudumu kwa mkono ili lifti ishuke taratibu.

Baada ya muda, kutoka ndani, mtu naye akagonga.

Waliendelea hivyo, bila neno, hadi mlango ukafunguka. Mhasibu akatoka na kupita bila salamu. Mama Lifti akajifungia stoo na kulia. Jioni akaliambia kundi kwamba hadithi imeishia hapo na asiulizwe.

"Nilijiona nimeitia sumu sauti yangu, na sauti ndiyo kazi yangu," anasema. "Nikawa nikikishika kile kipaza sauti, kijasho chembamba kinanitoka."

Tangu siku ile mhasibu hupanda ngazi hadi ghorofa ya nane, na goti lake moja ni bovu. Mama Lifti anakiri kwamba kila alipomwona amesimama katikati ya ngazi, mkoba begani, akitafuta pumzi, alitamani ardhi immeze.

Wiki mbili zilizopita mhasibu huyo alibisha hodi stoo. Mwenyewe anasema hakwenda kupatana.

"Nilikwenda kumgombeza. Nikamwambia, dada, umetutia hofu halafu umetoroka? Yule mtu wako bado yuko mle ndani! Miezi minne naye kichwani mwangu! Mimi sipandi lifti mpaka nijue anatokaje."

Fundi akamjibu ukweli: hajui anatokaje. Ametafuta mpaka kichwa kimemuuma.

"Nikamuuliza, kwani mimi nilitokaje?" anaendelea mhasibu. "Akasema mlango ulifunguliwa. Nikamwambia hapana, mimi nilitoka kabla ya mlango. Nilipokuambia nyamaza, ulinyamaza. Lile lidude lako lisingeweza. Hapo ndipo nilipojua kwamba kule nje kuna binadamu."

Mama Lifti anasema alikaa juu ya sanduku lake la zana. Mhasibu alipoondoka, akaitoa simu mfukoni.

Sasa anaandika kila mapumziko ya mchana, mikono ikinuka grisi, akifuta na kuanza upya. Haandiki kwa raha. Mara mbili ameiacha sentensi katikati na kwenda kuzunguka jengo, kisha akarudi kuimalizia. Kazini nako amebadili jambo moja. Mtu akikwama, humuuliza kwanza kama anataka kusemeshwa au kuachwa kimya.

Ameazimia kuimaliza sura ya mwisho Ijumaa hii, na kabla ya kundi, kabla hata ya wifi, ataipeleka ghorofa ya nane. Mhasibu amekubali kuisoma mezani kwake baada ya kazi. Mama Lifti atakuwa chini, kwenye ukumbi wa kuingilia.

"Nitasimama pale niangalie anashukia wapi," anasema, akiirudisha tochi kinywani, kisha anaitoa tena. "Na akishuka kwa ngazi, naandika upya."