Feni ya Prosesa Juu ya Kadi ya Marehemu

Nilikuwa edani, kompyuta ya marehemu mume wangu ilipoanza kuzimika. Unaiwasha, kioo kinaleta picha, unakaa kidogo tu, kiza. Majirani zangu wa Ngamiani, ambao hawajapata kukosa la kusema, wakasema mwenyewe ndiye anayeizima. Sikubisha. Chumba alichokuwa akifanyia kazi nilikuwa nikikipita mbiombio hata mchana, maana kiti chake kilibaki kimegeukia mlango, na kila nilipokwenda jikoni nilihisi natazamwa.

Kazi yetu ilikuwa kupiga video za harusi. Yeye upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake, na huku kwetu pande hizo hazichanganyiki. Kwenye shughuli ya wanawake simu zinakusanywa mlangoni, mabaibui yanavuliwa, watu wanacheza vichwa wazi kwa kuwa wameahidiwa hakuna mwanamume atakayewaona. Picha hizo nilizihariri peke yangu. Hata mume wangu alikuwa akitoka nikizifungua, huku akinung'unika kwamba anafukuzwa nyumbani kwake.

Sasa balaa langu lilikuwa hapo. Mpiga picha hapigwi picha. Na marehemu alikuwa mtu wa kuandika. Meseji zake zote ni maneno mawili matatu, sauti hakunitumia hata moja. Sauti yake iliyobaki duniani ilikuwa kwenye harusi moja ya Pangani. Kamera yangu ilikuwa kwenye stendi, imeelekea pazia la mlango ambako bibi harusi angeingilia, na mume wangu akaja nyuma ya pazia kuniletea betri. Kipande hicho nilikikata wakati wa kuhariri, lakini picha ghafi zilibaki kwenye mashine.

Nimpe fundi gani, basi? Mafundi wote ninaowajua ni wanaume, na sauti ile iko katikati ya wake za watu waliovua mabaibui. Kuitoa diski yenye picha nikaitie kwenye mashine ya mtu mwingine ni yaleyale. Nikasema heri nisiisikie milele kuliko kuwaumbua wanawake walioniamini. Nikasema hivyo, kisha nikalia, maana moyo haukukubali.

Nikafungua ubavu wa mashine. Penye tatizo palikuwa kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye kioo. Feni zake mbili zilikuwa zimeganda kwa kutu na vumbi. Ukizisukuma kwa kidole zinagoma. Kadi inashika moto, mashine inazimika. Mzimu wa majirani kumbe kutu. Hata hivyo sikuthubutu kukaa kwenye kile kiti. Nilifanya kazi sakafuni, mgongo ukutani.

Kwenye boksi lake la mabaki nikapata feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya mashine yetu ya zamani, pamoja na pande lake la alumini linalonyonya joto. Nilipata kumwona akihamisha vitu namna hiyo, cha huku anakitia kule. Nikaligeuza. Chini yake palikuwa na mabaki ya dawa ya kupitisha joto, nyeupe, imekauka, na katikati ya dawa palikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yote ilionekana, na lile kovu alilolipata akifua nazi.

Nikamwita mavyaa, mama yake mzazi, aliyehamia kwangu kukaa nami edani. Akalishika pande kwa mikono miwili.

"Ni yeye," akasema. "Unataka kulifanyaje?"

Nikamweleza kwamba dawa kavu haipitishi joto, lazima ifutwe yote ndipo nitie mpya.

"Mwanangu, unafuta ulichonacho kwa ajili ya usichonacho?"

Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia kidole hakisemi.

Mavyaa akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akafuta mwenyewe, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Alipomaliza akanipa pande likiwa linang'aa, akaiweka ile pamba kwenye pindo la kanga yake na kuifunga fundo.

Nikaivua kadi feni zake na bati lake, nikaisafisha, nikatia dawa mpya kiasi cha punje ya choroko. Matundu ya pande la prosesa hayakulingana na ya kadi, na nilijua hayatalingana. Nikapitisha vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, nikavikaza pembe kwa pembe mpaka pande likatulia. Waya wa feni nikauchomeka kwenye ubao mkuu. Dude likawa refu, kifuniko hakifungi, ikabidi mashine niilaze ubavu. Lilikuwa baya kweli kulitazama.

Nikawasha. Feni ikazunguka. Nikagusa alumini: vuguvugu tu. Tukangoja, na pale ilipokuwa ikizimika siku zote, haikuzimika.

Nikafungua picha za Pangani, sauti nimeipunguza, mjane wa eda nisije nikasemwa. Wanawake wakacheza, vigelegele vikapigwa. Pazia la mlango likatikisika.

"Hodi," mume wangu akasema.

Ukumbini hakuna aliyemsikia. Vigelegele vilikuwa vingi.

"Hodi."

Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, na naapa ilitokea mlangoni kwetu, ingawa spika zilikuwa mezani. Huku kwetu hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa unaondoka zako. Ikaja ya tatu, ya chini zaidi, na mkono wake ukapita chini ya pazia ukaiacha betri sakafuni.

"Karibu, baba," mavyaa akasema. "Pita."

Alikuwa amekwisha simama. Kwenye kioo mkono ulirudi nje, wanawake wakaendelea kucheza. Mavyaa akaenda mlangoni, akalishika pazia la chumba tulichokuwamo na kuliweka kando, nafasi ya mtu kupita. Nilikaa palepale sakafuni nikisikiliza feni, mpaka mkono wa mavyaa ulipochoka kulishika pazia.