Fatiha Juu ya Karatasi Tusiyoisoma

Nimefundisha madrasa hapa Mtoni tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na namshukuru Mungu kwa kila asubuhi niliyoamka nikaikuta sauti yangu bado ipo. Wanafunzi wangu wananijua kwa jambo moja: mtoto hafungui ukurasa wa pili kabla hajatamka kila herufi ya ukurasa wa kwanza. Akiruka moja, anarudi mwanzo. Akilia, anarudi huku analia. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyefanya nililolifanya.

Nyuma ya msikiti wetu anaishi fundi cherehani mmoja, mtu wa bara, aliyefika Dar akiwa kijana na kuzeekea hapa. Mwaka juzi alimpokea dada yake kutoka kijiji kilicho pembeni mwa mgodi wa almasi. Dada huyo aliletwa kutibiwa mkono. Alikuwa ameingia kuokota kuni katika kichaka alichookotea kuni tangu utoto wake, ila kichaka hicho sasa kimemezwa na eneo la mgodi, na mpaka wenyewe ni vigingi tu vilivyopakwa rangi. Walinzi walimfungulia mbwa, kisha wakampiga rungu mkono uleule uliong'atwa. Mkono wa kulia. Vidole vyake havikunjiki hadi leo.

"Jiwe lenyewe sijawahi kuliona," aliniambia siku nilipokwenda kumjulia hali. "Babu, wewe umeliona?"

Nikamwambia sijaliona.

"Basi tuko sawa. Ila mwizi wake ni mimi."

Kulikuwa na jopo lililoundwa kuwasikiliza watu walioumizwa na walinzi wale, na malalamiko yake yalikuwa yameshaandikishwa. Alikuwa anangoja kuitwa. Alitaka aketi mbele ya watu, aseme alichofanyiwa, na iandikwe kwamba hakuwa mwizi. Hakuwa akiomba zaidi ya hapo.

Siku moja baada ya Alasiri wakaja wanaume wawili waliovaa mashati yaliyonyooshwa vizuri, mmoja ameshika mkoba. Walikuwa watu wa mgodi. Walileta mchele na boksi la tende, na viatu walivua mlangoni bila kuambiwa. Fundi akatuma niitwe.

"Shikamoo, Maalimu," akasema mwenye mkoba, ameinama. "Hatukuja kwa ugomvi. Tunataka jambo hili liishe kiungwana, kwa mkono wa mtu wa dini." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyojaa maandishi.

Maneno hayo yalinipendeza. Nakiri. Kwetu sisi suluhu haihitaji kuandikwa, inasomewa. Waliogombana huketi, mkubwa wao husoma Fatiha, viganja hupita usoni, na kuanzia hapo atakayelifukua jambo lile huonekana amemvunjia Mungu ahadi. Nimemaliza hivyo ugomvi wa ndoa, wa viwanja, hata wa mbuzi. Wale wanaume walilijua hilo. Desturi yetu walikuwa wameisoma vizuri kuliko mimi nilivyoisoma karatasi yao.

Dada hakujua kusoma. Akauliza, "Inasema nini hiyo?"

"Inasema mmesameheana tu, mama," akajibu mwenye mkoba, "na matibabu yako yataendelea."

"Kusameheana ndiko kurefu hivyo?"

Kaka yake akacheka. Mimi nikamwambia, na maneno haya yananiwasha mpaka leo, "Mwanangu, subira. Mambo ya ofisi yana maneno mengi."

Nikasoma Fatiha, sote tukaitikia Amina. Kisha mwenye mkoba akaukamata ule mkono mbovu, kwa kuwa karatasi ilitaka dole gumba la kulia. Akalinyoosha, akalichovya kwenye wino, akalikandamiza. Dada aliuma meno. Nami nikatia sahihi pembeni, mahali pa shahidi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Miezi ikapita, dada hakuitwa. Fundi akampeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, binti mwenye ofisi ya chumba kimoja Manzese, juu ya duka la vipuri. Binti huyo aliitafuta nakala ya ile karatasi mpaka akaipata, akaja nayo barazani kwangu, dada yuko nyuma yake.

"Shikamoo, Maalimu. Sahihi hii ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Naomba unisomee, kwa sauti."

Nikavaa miwani. Karatasi ilisema kwamba yeye, mvamizi, anakiri aliingia eneo la mgodi kwa nia ya kuiba. Kwamba aliumia kwa kuanguka akikimbia. Kwamba anafuta malalamiko yake na hatayapeleka tena popote. Na kwamba ameyaridhia hayo kwa hiari yake, mbele ya kiongozi wa dini. Katikati nikaruka neno. Nikarudi mwanzo, kama ninavyowarudisha watoto, nikaisoma yote.

Dada hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Dua ilikuwa nzuri sana, Babu. Hata mimi niliitikia."

Maisha yangu yote nimemwomba Mungu aniondolee hasira. Hii sikuomba aiondoe. Kumpiga mama aliyebeba kuni ni dhuluma, na dhuluma tunaijua. Lakini kuushika mkono uliouvunja wewe, ukautumia mkono huohuo kumfanya mwenyewe akiri kuwa ni mwizi, kisha ukamkalisha Mungu pale awe shahidi wako, hilo mimi silijui jina lake.

Nilimweleza mzee mwenzangu msikitini kwamba nakwenda kuukana ushahidi wangu. Akashtuka.

"Fatiha haifutiki! Ukirudi nyuma, nani atakubali suluhu yako tena?"

"Atakubali nitakayemsomea karatasi kwanza."

"Na utapigana na watu wa almasi kwa bakora hiyo unayotembelea?"

"Bakora ni ya magoti. Kwao nakwenda na mdomo."

Nikaapa mbele ya wakili. Malalamiko yakafunguliwa upya, na jopo likatuita katika ukumbi mmoja Kinondoni. Mwenye mkoba alikuwapo. Akasimama kwa adabu yake ileile.

"Maalimu, si wewe mwenyewe uliyesoma Fatiha?"

"Nilisoma. Nilimwomba Mungu awape watu amani. Sikumwomba augongee muhuri uongo wenu. Mliichukua dua yangu mkaifungia karatasi yenu, kama mtu anavyofunga samaki aliyeoza kwa jani bichi la mgomba."

Mwenyekiti akaniuliza kama siogopi kuapa leo kinyume cha nilichokishuhudia jana. Nikamjibu kwamba naogopa sana, ndiyo maana nimekuja nikiwa bado hai.

Ile karatasi ikawekwa kando, na dada akaitwa mbele. Alieleza yote, mbwa na rungu na kuni alizoziacha palepale. Mpaka ninapoandika haya jopo halijatoa uamuzi. Vigingi viko mahali pake, na nasikia kuna wanawake wengine wa kijiji kile ambao sasa wanapelekewa tende.

Lakini siku ile, maelezo yake yalipokwisha kuandikwa na kusomwa kwa sauti, karani alimsogezea kidau cha wino. Dada akakirudisha.

"Dole hili limeshasema uongo mara moja. Nipe kalamu."

Kwa miezi miwili alikuwa akija barazani kwangu baada ya watoto kuondoka, akijifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Akaishika kalamu, akainamia meza. Ukumbi mzima ukangoja. Alipofika herufi ya tano akaona ameruka moja. Akakata yote, akaanza upya.

Hakuna aliyemharakisha. Nilikuwa nimesimama karibu, bakora mkononi, nikimtazama kila aliyekuwa mle.