Jina la Bonde Mnadani

Mama Simu hakuwa na mali, alikuwa na adabu ya simu. Miaka ishirini na minane aliketi kwenye swichibodi ya kiwanda cha saruji, akipokea kabla ya mlio wa tatu na kumjibu kila aliyeuliza. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Saa iliacha kwenda mwezi wa pili. Adabu haikumtoka, na ndiyo iliyokuja kumponza.

Kwao ni bondeni, na bonde liko chini ya maji. Lilipojengwa bwawa, watu walipakiwa kwenye malori wakamwagwa huku na huku, likabaki jina tu. Mama Simu aliziandika kaya zote kwenye daftari, mia nne na kumi na mbili, kila moja na namba yake. Alitaka jina la bonde liwe mkia wa anwani za mtandao, ile sehemu inayokuja baada ya nukta ya mwisho, na kila kaya ipate anwani yake humo. Watu wasio na kijiji wapate angalau mahali pa kuita kwetu.

Balaa ni kwamba jina hilohilo liliombwa na kampuni ya maji ya chupa. Waombaji wakiwa wawili, jina huenda mnadani. Wasimamizi wa majina walikuwa na mpango wa kuwapiga jeki wanyonge: chama alichounda Mama Simu na watu wa bondeni kikasamehewa sehemu kubwa ya ada, kikapewa wakili wa kujitolea, na mnadani kila watakachotoa kingehesabiwa kwa nyongeza ya theluthi. Jambo jema, sikatai. Lakini theluthi ya kidogo ni kidogo zaidi, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa hata akimtungia kanuni.

Wakili, hata hivyo, alikuwa na matumaini. "Bei inapanda mzunguko kwa mzunguko, mama. Wakidhani tuna nguvu, watachoka watoke. Ila tunapoishia pawe siri. Asijue hata paka."

"Paka sina," Mama Simu akamjibu.

Siku mbili kabla ya mnada simu ikalia, naye akapokea kabla ya mlio wa tatu. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole. Alisema anafanya kazi kampuni ya maji, lakini bibi yake mzaa mama alizaliwa bondeni, akamtaja bibi huyo na ukoo wake. Kisha akauliza, "Mama, chunguni mna nini?"

Hapa lazima nieleze. Bondeni, miaka ya njaa, mtu wa kwenu akisimama mlangoni akauliza hivyo, hufichi. Unataja kilichomo, hata kama ni maji na chumvi, kwa sababu kesho utauliza wewe. Aliyeficha alikosa wa kumzika. Mama Simu hakuwa amelisikia swali hilo tangu mama yake afariki. Furaha ikamjaa, mjinga wa watu.

"Chungu chetu kinafika mzunguko wa saba, mwanangu. Baada ya hapo ni moshi mtupu."

"Asante, mama. Mungu akuweke."

Alipokata simu ndipo akili ikamrudia, akaketi chini sakafuni. Asubuhi alimweleza wakili kila kitu. Wakili alivua miwani, akaifuta.

"Tukishtaki, na wewe umevunja kanuni. Waombaji hawaruhusiwi kuambiana viwango. Watatutoa sisi kwanza."

Siku ya mnada walikaa ofisini kwa wakili mbele ya kompyuta, pamoja na shangazi yake Mama Simu, bibi wa miaka tisini aliyewekwa kwenye kiti chenye mto. Mzunguko wa sita kampuni ikabaki. Wa saba ikabaki. Wa nane chama kikatoka.

"Tumeshinda?" shangazi akauliza.

Wakili ndiye aliyemjibu. "Hapana, bibi. Labda wangetoka mzunguko wa sita kama wasingejua. Labda wasingetoka. Hatutajua kamwe."

Nyumbani Mama Simu alifungua daftari, akapitisha kidole kurasa kwa kurasa. Alikuwa akiomba yule aliyempigia awe tapeli tu, mtu aliyeokota maneno yao mahali. Akamkuta bibi aliyetajwa kwenye simu katika kaya ya mia mbili na saba. Kijana hakudanganya hata neno moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," shangazi akasema. "Mfute daftarini."

Mama Simu alishika kalamu, akaiweka chini. "Nikimfuta tutapungua, shangazi. Na tumeshapungua vya kutosha."

Simu ikaanza kulia mezani, namba ileile ya juzi. Ikalia mara tatu. Ikalia ya nne, ya tano. Shangazi alimtazama mpwa wake, na Mama Simu akaiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe.